Hesabu ya Tatu

Watu wote walimwita Refa. Muuza mkaa alimwita Refa, mwalimu wa binti yake alimwita Refa, na siku moja nesi alimwandika hivyo hivyo kwenye kadi ya kliniki, akacheka, akafuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, mwenye sauti ya kukwaruza, maana alikuwa amepiga kelele miaka mingi katikati ya watu wanaopiga kelele kumshinda. Baba yake alikuwa na kampuni ya mieleka. Siku refa wa zamani alipoacha kazi bila kuaga, baba alimtazama binti yake, aliyekuwa kwenye kona akikunja taulo, akamuuliza, "Wewe unajua kuhesabu mpaka tatu?"

Alijua. Ndiyo ikawa ajira.

Mume naye alimpata humo humo ulingoni. Lilikuwa pande la mtu, jina lake la kazi Jabali, na watazamaji walimchukia kwa moyo wote. Kazi yake ilikuwa kuwa mtu mbaya. Aliingia akiwatukania mama zao, akatemea mate chini, akampiga mwenzake mgongoni wakati refa "amegeuka". Nyumbani ndiye aliyemsuka binti yao kila asubuhi kabla ya shule, kwa vidole vilivyovunjika vikaunga upande, na mistari ikatoka imenyooka kuliko ya mkewe. Shuleni hakuna aliyethubutu kumgusa yule mtoto. Baba yake ni Jabali, nani anataka balaa?

Mieleka yenyewe ilikuwa ya kupangwa. Watazamaji walilijua hilo, ila hawakutaka kuambiwa, kama mtu anavyojua umri wa shangazi yake na haulizi. Mshindi alijulikana tangu Alhamisi, mazoezini. Lakini mwanguko hauna mpango. Mbao ni mbao, na mwili wa kilo mia na ushei ukitua, umetua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanamieleka, kabla ya teke wala kutunisha kifua, ni kumtunza yule anayempiga. Jabali alikuwa fundi wa hilo. Vijana waligombania kupangwa naye, maana ukirushwa na Jabali, kesho yake unaamka mzima na kwenda kusimulia.

Refa ndiye aliyekuwa mdomo wa ulingo. Alipojifanya kukemea, alikuwa akipeleka habari: huyu pumzi imekata, yule goti limeshtuka, mzee anasema malizeni. Mtu akianguka vibaya alimshika kiganja kana kwamba anamwamuru asimame. Akiminywa, basi mtu ni mzima, mchezo uendelee.

Ukumbi wao ulikuwa kiwanda cha magodoro kilichofungwa. Sponji zilizobaki ndizo zilizotandikwa juu ya mbao za ulingo, zikafunikwa turubai. Chini ya mbao, baba yake, ambaye kila mtu alimwita Kocha, alikuwa amepanga mapipa matupu ya mafuta ili mtu akianguka ulingo ungurume mpaka kwenye mbavu za waliokaa nyuma. Harufu ya mahali pale ilikuwa gundi ya zamani na dawa ya kuchua. Kila Jumamosi jioni watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani.

Halafu wakaja Wale. Kampuni ile ilikuwa na jina refu la kung'aa, lakini katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyelitamka. Ilikuwa "Wale" tu. Wale walikodi uwanja wa ndani wenye paa jipya. Walikuwa na taa za rangi, moshi wa mashine, na televisheni. Mkurugenzi wao alikuwa mwanafunzi wa Kocha; alijifunza kuanguka kwenye sponji zile zile za kiwanda, akaondoka, akarudi na tai shingoni. Kwanza walimchukua bingwa. Wakamchukua mtangazaji. Wakachukua mapacha waliokuwa wakipigana na watu wanne kwa mpigo. Mwisho walimchukua hata fundi wa kukaza kamba, mtu aliyekuwa hajulikani na yeyote isipokuwa kamba zake.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Kocha alisema kila mara mtu alipoondoka. Lakini ukingoni walikuwa wao. Viti vilianza kuonekana katikati ya watu, kisha watu wakaanza kuonekana katikati ya viti.

Walibaki wanagenzi wachache, Jabali, na Kipanga.

Kipanga ndiye aliyefanya nusu ya ukumbi iendelee kujaa. Alikuwa kijana mwembamba, mwepesi, na alipopanda kamba ya juu na kujirusha, hata wauza karanga walisahau kudai pesa zao. Alivaa barakoa nyeusi yenye mdomo wa njano iliyoshonwa na Refa mwenyewe, na hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona uso. Watu walidhani ni mbwembwe za mchezo. Ukweli ni kwamba jiko la mafuta ya taa lilimlipukia alipokuwa mdogo, likala shavu, sikio na nusu ya mdomo. Barabarani alitembea amevaa kofia ya sweta, joto au baridi. Siku ya kwanza alipokuja kiwandani alisimama amegeukia ukuta, na Jabali akamwambia, "Hapa sote tuna sura mbaya, dogo, tofauti ni wewe hujazaliwa nayo." Kijana akacheka. Tangu siku hiyo Jabali alikuwa kaka yake, na Refa shemeji.

Jumatano moja asubuhi Kipanga alimkuta Refa uani, anaanika nguo.

"Shemeji," alisema, akachukua shuka upande wa pili walikamue pamoja. "Nimesaini."

Refa hakuuliza wapi. "Lini?"

"Jumatatu naanza. Wamenipa na bima. Mama anaweza kufanyiwa ule upasuaji wa macho."

"Umemwambia mzee?"

"Nitamwambia Jumapili, Jumamosi ikishapita. Nataka nimwachie onyesho zuri kwanza." Alikamua shuka mpaka likalia. "Unaona mimi ni mwizi?"

"Naona utalichana shuka langu," Refa akasema. Kisha, kwa kuwa kijana alikuwa bado anasubiri, akaongeza, "Nenda, mdogo wangu. Hapa tunazama, na anayeogelea haombi ruhusa."

Hakumwambia mtu, hata mumewe. Lakini haikusaidia. Alhamisi jioni Kocha aliwaita yeye na Jabali katika kijichumba kilichokuwa ofisi ya msimamizi wa kiwanda. Alikuwa mzee mwenye masikio yaliyopondeka kama uyoga, na alikaa amenyooka kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya.

"Yule mtoto wa tai kanipigia simu," alisema. "Kwa heshima, anasema. Kaona vibaya nisikie barabarani. Kipanga ni wao kuanzia Jumatatu."

Jabali alimtazama mkewe. Akaona usoni kwake kwamba alijua.

"Mabango yameshabandikwa," Kocha aliendelea. "Barakoa dhidi ya mkanda. Jabali akishindwa atatoa mkanda wa ubingwa, Kipanga akishindwa atavua barakoa. Tulikubaliana mtoto ashinde. Sasa hashindi."

"Baba," Refa akasema.

"Hashindi. Desturi ya kazi hii unaijua. Anayeondoka huondoka chali. Mimi nilipoondoka kwa mwalimu wangu, niliangushwa na mtoto aliyekuwa hajaota ndevu, nikashukuru."

"Basi aangushwe. Lakini barakoa unajua kuna nini chini yake."

"Najua. Na Wale wanamtaka Kipanga mwenye barakoa. Akishavuliwa hapa, wanachukua kijana mmoja aliyeungua. Watamrudisha." Sauti ya mzee ilitetemeka kidogo, akakohoa ili ionekane ni kikohozi. "Wamenichukulia watu wangu kama mtu anavyochuma machungwa kwenye mti usio na mwenyewe. Huyu hawampati mzima."

"Yeye umeshamwambia?" Jabali akauliza.

"Hapana. Akijua hatapanda ulingoni. Wewe unamlaza, unamkandamiza kwelikweli, na huyu anahesabu haraka. Moja mbili tatu. Kisha unamvua. Kazi imekwisha kabla hajajua imeanza."

Nje wanagenzi walikuwa wakijifunza kuanguka, na mapipa yakanguruma mara moja moja.

"Sawa, mzee," Jabali akasema.

Njiani kurudi nyumbani Refa alitembea mbele. Walipofika kwenye kona ya fundi baiskeli alisimama. "Sawa, mzee," alimwigiza. "Ndiyo umeona cha kusema? Yule anakuita kaka."

"Nilikwenda kwa Wale," Jabali akasema.

"Nini?"

"Mwezi wa pili. Sikukwambia. Nilipanga mstari na vitoto. Wakanipima, wakaniinua mikono, wakanitazama meno kama ng'ombe wa mnadani. Wakasema asante, baba, tutakupigia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi kule si mtu. Hapa ni Jabali. Kipanga akienda, Jumamosi ijayo nitapigana na nani? Na viti? Mzee alinitoa kwenye kubeba magunia. Akisema lala, nalala. Akisema laza, nalaza."

"Na uso wa yule mtoto?"

"Uso wake ataendelea kuwa nao. Sisi ukumbi hatutakuwa nao."

Usiku ule walilala wamegeuziana migongo. Mgongo wa Jabali ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata ukiwa umenuna ulijaza kitanda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wale walikuwa na onyesho lao saa ile ile, na kiingilio cha bure kwa akina mama, lakini bango la barakoa lilikuwa limefanya kazi. Watu wanapenda kuona kilichofichwa. Refa aliwapita akiwa na shati lake la mistari, akasikia mtu akisema, "Leo tutamjua. Mimi nasema ni mtoto wa mkubwa fulani." Mwingine akasema ni mwanamke.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kipanga alimgeuzia kisogo ili amfunge kamba za barakoa, kama siku zote. "Kaza, shemeji. Leo nitaruka mpaka uone nyayo."

Alikaza. Alifunga fundo, akafunga la pili juu yake, kisha akafunga la tatu. Mwenyewe hakujiuliza kwa nini.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko michezo yote ya mwaka ule. Hilo ndilo lililomuuma Refa baadaye kila alipokumbuka. Jabali na Kipanga walijuana kama mkono na mswaki. Jabali alitukana, akatemea mate, akamtupa kijana nje ya kamba, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akamchapa na kanga. Kipanga alirudi, akaruka, akaruka tena. Wanaume wazima walikuwa wamesimama juu ya viti. Kocha alikaa pembeni mwa ulingo na nyundo ya kengele mkononi, macho yamemwiva.

Kisha Kipanga akapanda kamba ya juu kwa ule mruko wa mwisho, ambao kwa alivyojua yeye ungempa ushindi. Jabali alikuwa amelala akimsubiri. Kijana alijirusha, na Jabali, badala ya kumpokea, akajikunja, akamdaka hewani, akamgeuza na kumlaza chali. Alimlalia kifuani kwa uzito wake wote. Mguu mmoja wa kijana aliubana kwapani.

Refa akapiga magoti. "Moja," akasema, na kiganja kikapiga turubai.

Alihisi Kipanga akijaribu kuinua bega, kwanza kwa utani, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba amekosea. Kisha kwa nguvu.

"Mbili."

Kupitia matundu ya barakoa macho yalimgeukia. Yalikuwa yameelewa. "Shemeji," Kipanga akasema, kwa sauti ya chini tu, bila ombi lolote.

Mkono wa Refa ulikuwa juu. Ukabaki juu.

Ukumbi ukalipuka. Waliona bega limenyanyuka, au walidhani wameliona. Jabali aliinua kichwa akamtazama mkewe, na usoni mwake hakukuwa na Jabali wa ulingoni wala hasira. Alikuwa mume aliyesikia neno asilolitegemea mezani. Pembeni Kocha alipiga ubao kwa nyundo. "Tatu!" alinguruma. "Tatu hiyo!"

Kipanga alichomoka. Sasa hakukuwa na mpango, na watatu wale wa ulingoni walijua, na watu zaidi ya mia tano hawakujua. Jabali alimfuata, akamshika kichwa, vidole vyake vibovu vikatafuta fundo kisogoni. Alikuta la kwanza, akakuta la pili. Barakoa ilianza kuchanika kwenye mshono wa shavu. Kipanga alipiga ukelele ambao haukuwa wa mchezo. Alizunguka kwa kasi, akajikuta nyuma ya Jabali, akamkumbatia kiunoni na kumnyanyua arudi naye nyuma, mtupo ambao walikuwa wameufanya pamoja kila wiki kwa miaka.

Mtupo ule unataka watu wawili. Anayenyanyuliwa lazima aruke mwenyewe, abane kidevu kifuani, aufanye mgongo wake duara. Jabali hakuruka. Alikuwa amegeuza uso upande wa mkewe, mdomo wazi, anataka kumwambia kitu.

Alitua kwa shingo. Mapipa yakanguruma, na watu wakashangilia mpaka vumbi la sponji likadondoka kutoka kwenye mabati.

Kipanga alimlalia kwa mazoea. "Hesabu, shemeji," alihema. "Tumalize, hesabu."

Refa alikuwa tayari ameshika kiganja cha mumewe. Alikiminya na kusubiri, akakiminya tena. Kilikuwa na joto, kilikuwa kizito, na hakikumjibu. Macho ya Jabali yalikuwa wazi yakitazama taa.

Kocha alipanda ulingoni amefura. "Umefanya nini wewe? Umefanya nini?"

"Haminyi, baba," Refa akasema.

Mzee alikuwa wa kazi. Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alisimama pale na nyundo yake mkononi. Watu waliendelea kushangilia kwa muda mrefu sana.

Hospitali walikaa mpaka mvua zikaanza na kuisha. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, na aliwaeleza kwa kutumia kalamu na kifuniko chake: uti wa mgongo umekatika hapa. Ataishi. Atakula, ataongea. Mikono atainua kidogo mabegani, basi. Kutoka kifuani kwenda chini, hapana. Refa aliuliza hapana ya mwaka au hapana ya siku zote. Daktari alirudisha kifuniko kwenye kalamu, akasema ya siku zote.

Kitanda kilitandikwa sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani ulikuwa mwembamba. Refa alijifunza kumgeuza, kumsafisha, kumkagua mgongo kama ngozi imeanza kuiva. Binti yao alikuja kusukwa asubuhi ya kwanza, kwa mazoea, akiwa na kitana mkononi. Akakumbuka, akasimama katikati ya chumba. Jabali akamwambia akae chini mama amsuke, yeye ataelekeza. "Kushoto kidogo. Umeacha nywele hapo, mama. Haya, sasa umepotea." Walicheka watatu. Kisha mtoto akaenda shule, na Refa akaenda kuchemsha maji, akachelewa kurudi.

Juu ya ile hesabu hawakuzungumza.

Wale ndio waliozungumza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akirekodi michezo ya kiwandani kwa ajili ya Kocha, na Mkurugenzi alikuja na tai yake, akaketi kwenye kile kiti chenye waya, akaondoka na mkanda ule wa video. Kocha hakumuuliza mtu. Mchezo wa Jumamosi ile ulionyeshwa kwenye televisheni kabla ya pambano la kwanza la Kipanga kule kwao, walilolichelewesha mpaka habari zitulie: huyu ndiye aliyemwangusha Jabali. Walipunguza kasi. Watu wakauona mkono wa refa umeshuka mara mbili, ukapanda, ukaganda.

Kesho yake muuza mkaa alimpimia bila kumwita kwa jina lolote. Watu walikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa jepesi: alilishwa na Wale. Kamuuza mumewe. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, kwamba kuna wanawake wakipewa kisu hawakati vitunguu. Refa alijaza ndoo yake mpaka juu, akajitwika, akaondoka taratibu ili isimwagike.

Alikwenda kiwandani. Kocha alikuwa akifungua ulingo peke yake. Kamba zilikuwa zimelala chini, na mapipa yalikuwa yameviringishwa ukutani.

"Uliwauzia," Refa akasema.

"Dawa za mumeo ulidhani zinatoka wapi?"

Hilo hakuwa analijua. Alikaa kwenye ukingo wa ulingo.

"Ungehesabu," mzee akasema bila kugeuka. Alikuwa akihangaika na bolti iliyoshika kutu. "Kitu kidogo tu nilikuomba. Ungehesabu, yule kijana angelia wiki moja, akarudi, na mumeo angekuwa anatembea."

"Ungemwambia ukweli. Angelala mwenyewe. Angelala chali kwa ajili yako, baba, na angekuachia kila kitu isipokuwa ule uso."

Mzee alizidi kusukuma spana. Mkono ukateleza, akajikwaruza vidole, akakaa chini palepale kwenye vumbi la sponji. Refa alimwendea, akamfunga kidonda kwa kitambaa cha kichwani. Walimaliza kufungua ile bolti pamoja, na nyingine, hadi giza lilipoingia ukumbini.

Kipanga alikuja nyumbani mwezi uliofuata. Refa alifungua mlango akamkuta amesimama bila kofia na bila barakoa, shavu lake lililoungua likiwa limepakwa kitu cha kung'aa ambacho hakikuwa kimetoka vizuri. Watu wawili mtaani walikuwa wamesimama wakimtazama.

"Wamenivua," alisema kabla hata ya kukaa. "Wiki ya pili tu. Mkurugenzi alinipeleka ofisini, akaniambia nimwonyeshe. Akatazama, akasema, hii tunaificha ya nini? Sasa naitwa Uso wa Moto. Naingia na miali." Alijaribu kucheka na upande wa mdomo unaocheka. "Nilisaini bila kuuliza, shemeji. Mama anaona sasa. Kitu cha kwanza alichoona vizuri ni mimi kwenye televisheni."

Refa alimsogezea kigoda karibu na kitanda.

"Kaka," Kipanga akasema.

"Umenenepa," Jabali akasema kutoka kwenye mto. "Wanakulisha."

"Kaka, mimi..."

"Usianze. Ukianza kulia nani atakupangusa? Mimi mikono haipo." Alivuta pumzi, maana siku hizi maneno yalimchosha. "Nimetazama pale mara nyingi. Sikuruka. Wewe ulininyanyua sawasawa, mimi sikuruka. Nilikuwa nataka kumuuliza huyu."

Refa alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Kuniuliza nini?"

"Kwa nini umeacha. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu moyoni. Nikafika tatu. Nikafika nne." Hakumtazama, hakuweza kugeuza shingo kiasi hicho. "Nikawa nasubiri mkono wako kama mjinga."

"Aliniita," Refa akasema. "Na wewe ulisema sawa, mzee. Angekuwepo mtu mmoja tu mwingine wa kukataa, ningehesabu. Hakuwepo. Nikakataa mimi, na sikujua bei. Nisingekataa, ungekuwa umesimama. Kila siku naamka na hilo."

Kipanga alikuwa amekunja mikono katikati ya magoti kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mimi nilisema sawa," Jabali akasema mwishowe. "Hilo nalikubali. Lakini sijakusamehe, mama. Usije ukadhani kwa vile nacheka na mtoto asubuhi nimekusamehe. Labda nitakusamehe. Sasa hivi bado."

"Najua."

"Na usiondoke."

"Niende wapi?"

Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Refa alikunja mikono ya nguo, na Kipanga akainuka bila kuambiwa, akaenda upande wa pili wa kitanda. Alitaka kumshika chini ya makwapa, na Jabali akamkemea kwa sauti ya mazoezini, ile ya zamani.

"Siyo hapo. Weka mkono chini ya bega, mwingine nyongani. Kunja magoti, dogo, utavunja mgongo wako uje ulale hapa na mimi. Nafasi haipo."

Walimgeuza. Alikuwa mzito bado. Refa alimwekea mto katikati ya magoti, akanyoosha shuka, akamkagua mgongo. Chini kabisa palikuwa na wekundu kidogo. Akamwambia Kipanga amshike hivyo hivyo, asimwachie, wakati anakwenda kuleta mafuta.